Filamu ambazo mama anazisikia bila mtafsiri



Tangu tulipoandika juu ya vyumba vya video, tunaulizwa swali moja tu, sokoni, kisimani, hata nje ya kanisa na ya msikiti. "Mmetuambia tuwakataze watoto kutazama filamu za mapanga na bunduki. Sawa, tumewakataza. Sasa watazame nini?" Swali hilo ni la haki. Kukataza ni kazi ya dakika moja. Kumpa mtoto kitu kingine mahali pake, hapo ndipo jasho linatoka.

Basi wiki hii tunawapa orodha yetu. Si orodha ya wataalamu. Ni filamu tulizozitazama sisi wenyewe, wamama wa chama, kwenye ile televisheni yetu moja yenye mkwaruzo pembeni, kwa sola na batiri ambayo inatosha filamu moja na robo. Mnajua jinsi filamu zinavyofika kwetu Kabambare. Haziji kwa sinema, zinakuja mfukoni: ndani ya kadi memori ya mfanyabiashara aliyetoka Kalemie au Bukavu, ndani ya telefone ya mwanafunzi aliyerudi kutoka Kindu. Tunachagua kati ya vile vinavyotufikia, na vingine tunaviagiza. Mwenye safari asisahau kutuuliza kabla ya kuondoka.

Lakini kabla ya orodha tuwaambie jambo lililotupata, maana ndilo lililotufanya tuchague kwa namna nyingine.

Mwaka jana tulitazama Félicité. Ni filamu ya mwaka 2017, imetengenezwa na Alain Gomis, na mambo yake yote ni ya Kinshasa. Mama mmoja, mwimbaji wa baa, analea kijana wake peke yake. Kijana anaanguka kwa pikipiki, mguu unavunjika vibaya, na hospitali inataka feza kwanza ndipo impasue. Mama anazunguka mji mzima akitafuta hizo feza, kwa wenye deni lake, kwa jamaa, kwa tajiri asiyemjua. Filamu nzuri sana. Ilipata tuzo kubwa Berlin, na huko Ouagadougou, kwenye FESPACO, ikapewa Étalon de Yennenga, ambayo ndiyo tuzo ya juu kabisa ya filamu za Afrika.

Shida ni kwamba watu wake wanasema Kilingala. Kati yetu wachache tu wanakisikia. Tukamwomba kijana mmoja wa kartie atutafsirie kwa sauti, kama wanavyofanya kwenye vyumba vya video. Tafsiri ya namna hiyo si aibu, ni ufundi wenye heshima zake. Tanzania walimjua Lufufu, Kampala wanamjua VJ Jingo, na watu walilipa feza kusikia sauti zao zaidi ya kuona filamu yenyewe. Huyu kijana wetu naye alitaka kuchekesha. Mama alipofika kuomba feza kwa watu, kijana akayageuza maombi yake kuwa mzaha wa mwanamke anayejiuza. Uwanja mzima ukacheka. Mama mmoja wa chama chetu, mjane, ambaye aliwahi kuzunguka mji huu huu akitafuta feza za upasuaji wa mtoto, akasimama, akachukua kigoda chake, akaenda zake.

Tuliomba msamaha kesho yake. Yeye akatuambia neno moja: "Yule mama wa filamu hakusema vile. Niliona macho yake."

Hatuna haja ya kumlaumu kijana peke yake. Sisi ndio tuliompa kinywa cha mama yule bila kukagua. Tangu siku hiyo komite ilikata maneno mawili. Filamu yoyote ya lugha nyingine lazima wawili kati yetu waitazame kwanza pamoja na mtafsiri. Na kila tunapoweza, tunatafuta filamu ambazo watu wake wanasema Kiswahili, ili bibi ambaye hakusoma, anayesikia Kibangubangu na Kiswahili basi, asikie mwenyewe. Ziko. Tulishangaa kuona ziko nyingi kiasi gani.

Ya kwanza inaitwa Makala, ya mwaka 2017. Jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote anayepika. Mfaransa mmoja, Emmanuel Gras, alimfuata mwanaume wa kijiji upande wa Kolwezi, anaitwa Kabwita Kasongo. (Ndiyo, Kasongo. Uwanja ulishangilia kama vile ni mtoto wa shangazi.) Anakata mti mkubwa kwa shoka, anaufukia na udongo, anauchoma siku nyingi, anapakia magunia kwenye kinga mpaka kinga yenyewe haionekani tena, halafu anaisukuma kilometa karibu 50 mpaka mjini. Anataka feza za mabati. Yeye na mke wake Lydie wanataka nyumba.

Hakuna mengine. Hakuna mwizi wala polisi wa kukimbizana. Kuna mtu, kinga, mchanga na kilima. Gari linapita karibu mno na kumwangushia mzigo. Watu barabarani wanamtoza kwa nguvu sehemu ya makala yake ndipo apite. Akifika mjini, wanunuzi wanabishana naye kwa bei ya gunia kana kwamba makala yaliota pale pale. Tulifikiri watu watachoka. Badala yake, wababa wanaosukuma mchele na mafuta ya mawese kwa kinga kwenye njia zetu walianza kumpa mashauri kwa sauti: "Funga kamba chini zaidi! Usisimame hapo!" Mzee mmoja aliyesukuma kinga miaka mingi alitazama dakika zote 96 bila kusema neno, kisha akauliza kama yule bwana alipata mabati. Hatutawaambia. Itazameni. Watoto waje pia, hakuna kibaya ndani, na mtoto aliyeiona anaanza kuheshimu gunia lililo jikoni.

Filamu hiyo ilipewa tuzo kubwa kwenye Juma la Wahakiki huko Cannes, Ufaransa. Wazungu waliisoma kwa maandishi ya chini. Sisi tuliisikia. Kwa mara moja, wenye kuhitaji maandishi hawakuwa sisi.

Ya pili ndiyo tunayoipenda kuliko zote, lakini si ya uwanjani. Inaitwa Maman Colonelle, ya mwaka 2017, imetengenezwa na Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Mjikumbushe jina hilo, kwa sababu litarudi. Inamfuata kolonele wa polisi, Mama Honorine Munyole, mjane, mkuu wa kikosi cha kulinda watoto na wanawake walioteswa. Anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Anafungasha vyombo, anaagana na wamama wa Bukavu wanaolia, anafika kwenye ofisi ambayo karibu haina kitu, na anaanza kazi.

Kule anakutana na mambo mawili. La kwanza, watoto wanaoitwa wachawi, wanaopigwa na kufungiwa. Anawatoa. La pili, wamama walioumizwa wakati wa vita vya siku sita, mwaka 2000, ambao kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewauliza kitu. Mama Kolonele hana bajeti. Kwa hiyo anafanya kile ambacho kila mama wa hapa angefanya: anaenda sokoni na kuchangisha. Kuna watu wanaotoa, na kuna wanaomwambia hiyo ni kazi ya Serikali. Anasikiliza wote, anaendelea kusimama hapo na sare yake na mkoba wake. Halafu anawaweka wale wamama na wale watoto katika nyumba moja, wasaidiane.

Ni dakika 72 tu. Wanasema Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, wakichanganya kama watu wanavyochanganya kweli. Tuliitazama wamama peke yetu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, watoto wamepelekwa kwa jirani. Tunashauri na nyinyi mfanye hivyo. Kati yetu wapo waliokimbia vita vya Salamabila, wapo waliobeba mambo ya vita vya zamani ambayo waume zao hawayajui. Mwambieni kila mama mapema filamu inasema nini, ili asiyetaka abaki nyumbani bila kuulizwa sababu. Filamu ikiisha msiwashe muziki. Sisi tulikaa kimya muda mrefu, kisha mmoja akaanza kusimulia, na hatukulala mapema. Aliyoyasema hayaandikwi hapa.

Hamadi huyo huyo alirudi kwa watu wa vita vya siku sita miaka mitatu baadaye. Filamu inaitwa En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Kati ya tarehe 5 na 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mabomu katikati ya Kisangani, mji ambao si wa kwao wote wawili. Mamia ya raia walikufa. Waliobaki bila miguu au mikono waliungana kuwa chama, na katika filamu hii wanapanda mashua, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mvua inawapiga, maturubai yanapasuka, wanapika pamoja, wanagombana, wanaimba. Wakifika kwenye milango ya wakubwa, milango haifunguki. Mama mmoja anayetembea kwa magongo kwenye matope ya Kinshasa ana kiburi kizuri ambacho tungependa mabinti zetu wakione.

Baada ya filamu hiyo kutoka, tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya madhara ya watu. Kwa hiyo ukiitazama leo, unajua jambo ambalo wale watu ndani ya mashua hawakulijua. Inaumiza na inatia nguvu pamoja. Na wale wanaotuuliza kwa nini chama kinaandika majina na tarehe za yaliyotupata sisi, kwenye daftari lile la bluu, wakatazame filamu hii kwanza, halafu waje tuzungumze.

Sasa ile ya daktari. L'homme qui répare les femmes, ya mwaka 2015, ya Thierry Michel na mwandishi Colette Braeckman, inamhusu Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, Bukavu, miaka mitatu kabla ya kupewa Nobeli ya amani. Wengi mmemwona daktari kwenye mabango lakini filamu hamjaiona. Mjue kwamba ilipotoka, Serikali ya wakati ule iliikataza kuonyeshwa hapa nchini, mwezi wa 9 mwaka 2015, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba maneno ya wamama yalitafsiriwa vibaya kutoka lugha za kwetu kwenda Kifaransa ili kulichafua jeshi. Katazo liliondolewa baada ya wiki chache. Lakini tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka yule mjane na kigoda chake. Huko juu watu wakubwa wanabishana mama alisema nini, na mama mwenyewe alisema kwa lugha ambayo soko lote la Kabambare linaisikia. Pale wanaposema Kiswahili, hatukuhitaji mtu wa kutuamulia. Tulisikia. Nayo ni ya wakubwa tu, na kwa masharti yale yale ya mlango uliofungwa.

Tupumue kidogo. Si kila kitu ni vita.

Kwa vijana wa sekondari, na kwa wazazi wao hasa, tafuteni Examen d'État, ya Hamadi tena, ya mwaka 2014. Wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa sababu hawakulipa prime ya walimu, na mtihani wa Serikali uko karibu. Wanaenda kukodi nyumba tupu, wanaandika ukutani kwa chaki, wanafundishana wenyewe. Wanafanya pia mambo ambayo hatuyasifu: wanatafuta majibu ya kununua, wanakimbilia wachungaji wawaombee kalamu zao. Msiwafiche watoto sehemu hizo. Tangu 2019 shule ya msingi ni bure, lakini mwenye mtoto wa sekondari anajua bado tuko ndani ya filamu hii. Ni ya Kifaransa na Kilingala, kwa hiyo mtafsiri anahitajika, lakini wanafunzi wenu watawatafsiria, na ni zoezi zuri kwao.

Kwa watoto wadogo, Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina. Binti mdogo, Jo, ni mgonjwa ambaye hatapona, na anapenda filamu za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake anataka abaki ndani apumzike. Dada yake anaona mtoto anakufa kabla ya kufa, basi anashirikiana na kijiji kizima, pamoja na mwenye chumba cha video, kumfanya Jo aamini ana nguvu za ajabu. Wanasema Kiswahili na Kikuyu. Dakika 74. Tulikuwa na mabishano makali katika komite: je, watoto waonyeshwe kifo cha mtoto? Nusu walikataa. Bibi mmoja akamaliza mabishano kwa kusema kwamba watoto wa hapa wamezika wenzao tayari, ni sisi tu ambao hatujazungumza nao. Tuliionyesha. Walilia, kisha wiki nzima walikimbia na vitenge vyetu mgongoni wakiruka kutoka juu ya mawe. Vitenge viwili vimepasuka. Tunasema tu, mfiche vile vizuri.

Kuna pia Ubongo Kids, katuni za Tanzania zilizoanza mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo. Kiswahili chao ni cha ng'ambo ya Tanganyika, watoto watarudi nyumbani wakisema "tafadhali", na hilo halijamuua mtu.

Kwa wamama wanaopenda hadithi ndefu za kila juma, tunajua mnafuata zile za Wahindi na za Wafilipino ambamo msichana anapoteza kumbukumbu mara tatu. Hatuwagombezi, nasi tunazitazama. Lakini jaribuni Siri ya Mtungi, ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2012. Kuna mpiga picha, Cheche, na mke wake, na majirani, na mambo ya ndoa, uzazi wa mpango na ukimwi, bila mtu kusimama kutoa hotuba. Mkitazama na waume zenu, mtaona wanavyojikohoza.

Moja ya mwisho, na hii inahitaji mtafsiri aliyejiandaa. Neria, ya Zimbabwe, ya miaka ya 1990, imeongozwa na Godwin Mawuru kutoka hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Mume anakufa kwa ajali, na shemeji anakuja kuchukua gari, feza, nyumba, kisha watoto, kwa jina la mila. Neria anakwenda mahakamani. Ni Kiingereza chote, lakini tuliposimamisha filamu pale shemeji anapobeba vyombo, wamama walimaliza hadithi wenyewe, kila mmoja na ya nyumbani kwake. Kwetu Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema watoto ndio warithi wa kwanza, na mjane ana haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini haki hiyo inamtafuta mke ambaye ndoa yake imeandikwa. Ndiyo maana tunawasumbua kila mwezi juu ya kuandikisha ndoa kwa état civil. Wababa mnaosoma kwa siri, mmesikia.

Kuhusu yule kijana wetu mtafsiri, watu wanauliza. Hatukumfukuza. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa yule mjane kuomba msamaha, na mjane akampa sharti: ajifunze Neria yote, aitazame mara tatu, halafu amtafsirie yeye kwanza kabla ya uwanja. Ameitazama mara mbili. Anasema sehemu ya mahakama ni ngumu, na ameazima kamusi.

Jumamosi hii, mvua ikituhurumia, tunaonyesha Makala tena kwa ajili ya waliokosa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu za magaribi. Bure. Kila mtu na kigoda chake, na mwenye batiri iliyojaa aje nayo tafadhali. Jumamosi inayofuata ni Neria, kama kamusi itakuwa imefanya kazi yake. Yule mjane amesema atakaa mbele.